Neil Young: albamu ipi bora, ipi mbovu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mashabiki wawili wa Neil Young wakikaa meza moja, chai haijapoa wameshaanza kubishana. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara. Majibu yana upande, sikujifanya hakimu. Jambo likiwa limejibiwa kwingine, nitakuelekeza kwa namba.

## Kwa anayeanza

1. Neil Young ni nani, na kwa nini mashabiki wake hawapatani?

Ni mwanamuziki wa roki, mzaliwa wa Toronto, Kanada, tarehe 12 Novemba 1945. Akiwa mtoto wa miaka mitano aliugua polio. Baba yake, Scott Young, alikuwa mwandishi wa habari za michezo. Neil alianzia bendi za vijana mjini Winnipeg, na mwaka 1966 akaendesha gari la kubebea maiti mpaka Los Angeles, ambako alishiriki kuunda Buffalo Springfield. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 anatoa albamu kwa jina lake, na mwaka 2025, akikaribia miaka 80, alitoa Talkin to the Trees.

Hawapatani kwa sababu mtu huyu hatulii. Leo anapiga kantri tulivu, kesho gitaa linalokwaruza masikio, keshokutwa kompyuta, mtondo tarumbeta. Kila shabiki ana Neil Young wake aliyekutana naye kwanza, na wengine wote anawaona kama wageni waliovamia nyumba.

2. Ana albamu ngapi?

Za studio peke yake zimepita 40. Ukitaka namba kamili utaanza ugomvi mwingine: je, uhesabu zilizorekodiwa jukwaani zikiwa na nyimbo mpya (swali la 8 na la 13)? Na zilizofungiwa kabatini miaka 40 kisha zikatolewa (swali la 15)?

3. Nianze na ipi?

After the Gold Rush ya mwaka 1970. Nyimbo zake ni fupi, na kila Neil utakayekutana naye baadaye yumo humo kwa udogo: yule wa kinanda na sauti ya upweke, yule wa "Southern Man" mwenye hasira na gitaa la umeme, yule wa kantri. Kinanda kwenye nyimbo kadhaa kimepigwa na Nils Lofgren, kijana wa miaka 18 ambaye kazi yake ilikuwa gitaa. Neil alimtaka yeye hasa kwa kuwa hakuwa fundi wa kinanda. Ukilielewa hilo, umeshamwelewa Neil kwa nusu.

Kwa wasomaji wa Kenya waliolelewa na kantri redioni, njia ni nyingine: anzeni na Comes a Time (1978), kisha Harvest Moon (1992). Kelele mtazikuta mbele ya safari, hazina haraka.

4. Crazy Horse ni akina nani, na mbona wanapiga kama wanajifunza?

Ni bendi iliyompa Neil mgongo tangu Everybody Knows This Is Nowhere ya 1969: Danny Whitten kwenye gitaa la pili, Billy Talbot kwenye besi, Ralph Molina kwenye ngoma. Frank Sampedro aliingia mwaka 1975, baada ya kifo cha Whitten (swali la 6).

Ni kweli hawana madoido. Sikiliza "Down by the River", pale gitaa linapoanza kusema peke yake: noti moja, ile ile, inagongwa, inagongwa, inagongwa tena, huku Talbot na Molina wakitembea nyuma kwa mwendo wa punda aliyebeba maji. Fundi wa kweli angeona aibu kurudia noti hiyo mara tano. Neil anairudia mpaka inaanza kuuma. Wapigaji stadi zaidi angewapata saa yoyote, na amewahi kuwatumia, ila hakuna aliyemwachia nafasi ya kufanya kitu cha kijinga namna hiyo na kikawa kizuri. Gitaa lenyewe alilolifanya jina, Gibson Les Paul ya 1953 iliyopakwa rangi nyeusi, mashabiki wanalijua kwa jina kama mtu: Old Black.

## Zilizo bora

5. Harvest si ndiyo bora? Ndiyo iliyouza kuliko zote.

Iliuza, hilo halina ubishi. Ilitoka Februari 1972, ikawa albamu iliyouzwa zaidi Marekani mwaka ule, na "Heart of Gold" ndio wimbo wake pekee uliofika namba moja huko. Mtu akimjua Neil kwa wimbo mmoja tu, basi ni huo.

Ubora ni shauri jingine. "Out on the Weekend", "Old Man" na "The Needle and the Damage Done" ni nyimbo ambazo hata wapinzani wa albamu hii hawazigusi. Tatizo ni "A Man Needs a Maid" na "There's a World", ambamo London Symphony Orchestra nzima inamwagwa juu ya sauti ya mtu mmoja mwembamba. Ni kama kumvalisha mtoto koti la babu yake. Ukitaka ushahidi, tafuta Live at Massey Hall 1971, tamasha lililotolewa 2007: "A Man Needs a Maid" ikiwa na kinanda na yeye tu inasimama yenyewe, wala haihitaji msaada wa mtu.

Kisa kinachopendwa na wote ni cha Graham Nash, mwanamuziki mwenzake. Anasimulia kwamba Neil alimpandisha kwenye mtumbwi, akampeleka katikati ya ziwa dogo shambani kwake ili amsikilizishe Harvest. Nyumba ilikuwa spika ya kushoto, banda la shamba spika ya kulia. Walipoulizwa kutoka ufukweni sauti ikoje, Neil akapaza sauti: ongeza banda!

Mimi naiweka ya nne au ya tano. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa kanda niliyorekodiwa na binamu, na kanda ikaisha kabla ya "Words" haijaisha. Kwa miaka niliamini wimbo ule unakatika hivyo makusudi, na bado nadhani unapendeza zaidi ukikatika.

6. Watu wanaposema "albamu za mtaroni" wana maana gani?

Mwaka 1977, kwenye maelezo ya mkusanyiko wake Decade, Neil aliandika kwamba "Heart of Gold" ilimweka katikati ya barabara, akachoka kusafiri huko, akaelekea mtaroni. Safari ikawa ngumu, ila alikutana na watu wa kuvutia zaidi. Tangu hapo albamu tatu zinaitwa za mtaroni: Time Fades Away (1973), On the Beach (1974) na Tonight's the Night (1975).

Kilichomsukuma si kuchoka peke yake. Mwishoni mwa 1972 alikuwa akifanya mazoezi ya ziara kubwa na akamwita Danny Whitten, aliyekuwa amezama kwenye heroini. Whitten hakuweza kushika nyimbo. Neil akamwachisha, akampa dola 50 na tiketi ya ndege ya kurudi Los Angeles. Usiku ule ule, tarehe 18 Novemba, Whitten akafa. Miezi michache baadaye akafa Bruce Berry, kijana aliyebeba na kutunza vyombo vya bendi, naye kwa dawa za kulevya. Sasa fikiria watu walionunua Harvest wanaingia ukumbini wakitaka "Heart of Gold", na aliye jukwaani ana msiba na chupa ya tekila.

Wakati zinatoka, albamu hizi ziliuza kidogo kuliko Harvest na wengi walidhani jamaa amekwisha. Leo ndizo zinazotajwa kwanza na mashabiki wakongwe.

7. Kati ya On the Beach na Tonight's the Night, ipi inashinda?

Hapa ndipo urafiki hujaribiwa.

Tonight's the Night ilirekodiwa 1973, miezi kadhaa kabla ya On the Beach, lakini ikakaa hadi 1975. Nyimbo zake nyingi zilirekodiwa Hollywood kwa mkupuo, bendi nzima ikipiga pamoja usiku, watu wakiwa wamelewa. Kwenye "Mellow My Mind" sauti ya Neil inapanda kutafuta noti, inavunjika katikati, na hakuna aliyesimamisha kanda. Kisha katikati ya huzuni hiyo unatokea wimbo wa shangwe uliorekodiwa jukwaani 1970, na anayeimba mbele ni Danny Whitten mwenyewe. Marehemu kaletwa kuimba kwenye matanga yake. Mara ya kwanza kuligundua hilo nilirudisha wimbo mwanzo.

On the Beach ni baridi zaidi. Tazama kava: Neil kasimama ufukweni kawapa mgongo watazamaji, mkia wa Cadillac umechomoza mchangani, na gazeti lililotupwa chini lina kichwa cha habari kuhusu seneta anayemtaka Nixon ajiuzulu. Upande wa pili una nyimbo tatu tu, zote za mwendo wa mtu asiye na pa kwenda, na wa mwisho, "Ambulance Blues", unakaribia dakika tisa.

Hukumu yangu: On the Beach, kwa sababu ya upande ule wa pili. Tonight's the Night ni ya kweli zaidi, lakini huwezi kuicheza mara mbili kwa wiki. Sina nguvu hizo. Anayebisha hajakosea, ana moyo mgumu tu kuliko wangu.

8. Rust Never Sleeps ihesabiwe ya studio au ya jukwaani?

Vyote viwili, na ndiyo raha yake. Nyimbo zake nyingi zilirekodiwa kwenye maonyesho ya 1978, kelele za watu zikapunguzwa karibu zote, na vipande vikaongezwa studio. Upande mmoja gitaa kavu, upande wa pili Crazy Horse kwa sauti ya kutikisa mabati. Wimbo ule ule unaifungua albamu kwa upole na kuifunga kwa radi.

Ilitoka 1979, wakati vijana wa panki wakiwacheka wazee wa roki. Badala ya kununa, Neil alimtaja Johnny Rotten, mwimbaji wa panki, ndani ya wimbo. Mstari mmoja wa wimbo huo ulikuja kunukuliwa na Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana kwenye barua aliyoiacha alipojiua Aprili 1994, jambo lililomwumiza sana Neil. Wimbo uliobeba jina la Sleeps with Angels, albamu yake ya mwaka huo huo, unatokana na kifo hicho.

Ukitaka wimbo mmoja tu humu, chukua "Powderfinger", anaousimulia kijana ambaye kabla ya wimbo kuisha ameshakufa, na bado anaendelea kusimulia.

9. Baada ya 1980 kuna kitu cha maana?

Kipo, ila uvuke miaka minane ya matope kwanza (swali la 10 hadi la 12). Freedom ya 1989, yenye "Rockin' in the Free World", ndiyo ufufuo. Ragged Glory ya 1990 ni Crazy Horse wakipiga bandani shambani kwake kama watu waliotoka jela. Kisha Harvest Moon ya 1992, ambayo iliwarudisha wenzake wa Harvest baada ya miaka 20, Linda Ronstadt na James Taylor wakiwamo. Kwenye wimbo wa Harvest Moon sikiliza kwa makini kitu kinachosugua taratibu chini ya ngoma: ni ufagio. Kweli, mtu kakaa studio anafagia kwa kufuata mapigo.

Mirror Ball ya 1995, aliyopiga na Pearl Jam, nzuri. Le Noise ya 2010, yeye na gitaa lake na Daniel Lanois kwenye mitambo, nzuri sana na haisemwi vya kutosha.

## Zilizo mbovu

10. Haya, ipi mbovu kuliko zote?

Majina yanayotajwa ni matatu: Trans, Everybody's Rockin' (1983) na Landing on Water (1986). Trans naitetea kwenye swali la 12. Everybody's Rockin' ni roki ya miaka ya 1950, haifiki hata dakika 25. Ni mzaha, na mzaha una haki ya kuwa mfupi.

Landing on Water haina kisingizio. Ngoma zinapigwa kama mtu anayebomoa ukuta wa jirani, vinanda vya umeme vya wakati ule vimejaa kila pengo, na katikati yupo Neil akiimba kama aliyeingia chumba kisicho chake. Ubaya wake ni kwamba humo ilijaribiwa sauti ya kila mtu wa mwaka 1986. Makosa mengine yote ya Neil ni yake mwenyewe. Hili la kuazima.

11. Ni kweli kampuni yake ilimshtaki kwa kutoa muziki usiofanana na wake?

Kweli. Mwaka 1983 kampuni ya Geffen ilimfungulia kesi ya zaidi ya dola milioni 3, ikidai albamu anazowapa si za kibiashara na hazifanani na kazi zake za awali. Alikuwa amewapa Trans. Akawapelekea albamu ya kantri, wakaikataa, wakataka rokenrol. Akawapa rokenrol ya kabla hajabalehe, ndiyo Everybody's Rockin'. Kesi iliisha bila kufika mbali, David Geffen akaomba radhi, na mwishoni mwa muongo Neil akarudi Reprise, nyumba yake ya zamani.

Kesi ile imewapa mashabiki swali zuri kuliko lililokusudiwa: muziki wa Neil Young unafanana na nini hasa?

12. Trans: mbovu, au hatukuielewa?

Hatukuielewa, na yeye hakusaidia. Mwaka 1978 alizaliwa mwanawe Ben, mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kuongea. Yeye na mkewe Pegi waliingia kwenye mpango wa mazoezi ya tiba uliokula saa nyingi za kila siku. Trans ilipotoka, sauti ya Neil ilikuwa imepitishwa kwenye vokoda, chombo kinachoigeuza sauti ya mtu kuwa ya mashine. Wasikilizaji wakasema amerukwa na akili. Baadaye akaeleza: ni albamu ya mtu anayetaka kuwasiliana na asiyeweza kusema. Maneno huyasikii vizuri kwa sababu na yeye ya mwanawe hakuyasikia.

Wasiokubali wanajibu kwamba maelezo hayageuzi wimbo, na wana hoja. Nyimbo za kawaida zilizochomekwa humo, kutoka kwenye albamu nyingine iliyokataliwa, zinaivunja albamu vipande. Mimi nawapeleka Unplugged ya 1993, ambako anaipiga "Transformer Man" bila mashine yoyote. Ni wimbo wa baba kwa mtoto, mwororo kabisa, na ulikuwapo siku zote chini ya nyaya.

13. Kwa nini mwenyewe aliita Time Fades Away mbaya kuliko zote?

Alisema hivyo, lakini akaongeza kwamba kama kumbukumbu ya alichokuwa akipitia, ni rekodi nzuri. Ni ya jukwaani, ya ziara ile ya msiba (swali la 6), yenye nyimbo ambazo watazamaji hawakuwa wamezisikia kamwe. Bendi haielewani, yeye sauti imekauka. Aliikalia mno: kwenye sidii rasmi haikuonekana mpaka 2017, na wenye santuri za zamani wakawa wanajivuna nazo kama wenye mashamba ya karafuu.

Si mbaya. Msanii si lazima awe shahidi mwema wa kazi yake.

14. Vipi zile za siasa na magari?

Living with War (2006), dhidi ya vita vya Iraki, ilirekodiwa kwa siku chache na ina kwaya ya watu 100. Ilikuwa gazeti lenye magitaa, na kama gazeti ilisomwa ikapita. Fork in the Road (2009) inahusu gari lake la 1959 aliloligeuza kutumia umeme. The Monsanto Years (2015) inahusu mbegu na makampuni. Namuunga mkono kwa mengi anayosema humo. Kuzisikiliza tena ni kazi nyingine. "Ohio", aliyoiandika baada ya wanafunzi wanne kuuawa Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, Mei 1970, ilikuwa na haraka ile ile, lakini ile haikuwa na ufafanuzi, ilikuwa na kilio.

## Kesi za pembeni

15. Albamu zilizofungiwa kabatini zihesabiwe mwaka gani?

Homegrown ilikamilika 1975. Neil akawasikilizisha marafiki, kanda ikaendelea mpaka Tonight's the Night iliyokuwa kwenye mkanda huo huo, Rick Danko wa The Band akamwambia atoe hiyo ya pili. Homegrown, iliyokuwa ya kuachana na mwigizaji Carrie Snodgress, ikatoka 2020. Hitchhiker ilirekodiwa usiku mmoja wa 1976, ikatoka 2017.

Mimi nazihesabu mwaka ziliporekodiwa. Ukizihesabu mwaka zilipotoka, utamfanya Neil wa miaka 70 ashindane na kijana wa miaka 30 aliye yeye mwenyewe, na kijana atashinda kila mara.

16. Ni kweli aliezeka banda kwa santuri?

Ndivyo anavyosema mwenyewe. Comes a Time ilikuwa na kasoro ya sauti, akazinunua nakala 200,000 zisiuzwe, nyingine zikageuka vigae vya paa.

17. Arc ni albamu kweli, au ni utani?

Ni dakika 35 za mivumo ya magitaa na miluzi ya spika, vipande vya miisho ya nyimbo kwenye ziara ya 1991 vilivyounganishwa. Nimeimaliza mara mbili. Mara ya pili mama mwenye nyumba alibisha hodi kuuliza kama jokofu limeharibika.

18. Nimesikiliza zote mlizotaja, bado siipendi sauti yake. Nifanye nini?

Sauti ni nyembamba, inapanda juu, na inatetemeka. Haikubadilika kwa miaka 50 na haitabadilika kwa ajili yako. Jaribu filamu ya Dead Man ya Jim Jarmusch: muziki wake ni Neil akipiga gitaa peke yake huku akiitazama picha, na haimbi hata neno.